Barua kwa mwanangu: ule mstari wa saba

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia pamoja na ile karatasi yenye orodha. Nimeisoma mara tatu. Imenifurahisha kuliko unavyodhani, na kilichonifurahisha zaidi ni kwamba umefutafuta. Jina la kwanza uliliandika, ukalikata, ukalirudisha. La nne umelikata kabisa. La saba umeacha mstari mtupu, na unaniomba nikusaidie kuujaza kabla ya siku ya kusimama mbele ya darasa kuyatetea maajabu saba ya dunia ya leo. Unasema mwenzako mmoja amewanyamazisha wote kwa hoja moja tu: Burj Khalifa, lile jengo la Dubai, ina mita 828, hakuna jengo refu kuliko hilo, basi mjadala umekwisha.

Haujaisha. Tuuzungumze, maana jambo hili nimekaa nalo moyoni siku nyingi, na unajua mkate wangu ni mwiko na timazi. Siwezi kupita mbele ya ukuta bila kuuangalia ulivyosimama.

Tuanze kwa wale waliotuachia hii habari ya saba. Wagiriki wa kale, miaka zaidi ya 2,000 iliyopita, waliviita vitu hivyo kwa neno lenye maana ya vitu vya kutazamwa. Ilikuwa kama kumwambia msafiri: ukifika kule, usirudi kabla hujakiona hiki. Ndiyo sababu vyote vilikuwa pande za bahari ya Mediterania na Babeli, kule walikofika wao. China haimo, Amerika haimo, wala Afrika iliyo kusini ya Misri, kwa kuwa waandishi hawakuwa na habari za kutosha kuzihusu. Hata wao kwa wao hawakukubaliana. Mshairi wao Antipater wa Sidon aliziweka kuta za Babeli, na mnara wa taa wa Iskandaria uliingia katika orodha za baadaye. Sanamu kubwa ya Rhodes ilisimama miaka isiyofika 60, tetemeko la mwaka 226 KK likaiangusha. Bustani za Babeli hakuna aliyechimba akazipata mpaka leo. Katika zote saba, iliyobaki imesimama ni Piramidi Kuu ya Giza peke yake.

Wazee wetu walisema ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Basi hilo ni la Firauni, na lilikaa miaka ipatayo 3,800 likiwa ndilo jengo refu kuliko yote duniani. Mweleze hivyo mwenzako. Urefu ni sifa ya kupokezana. Kabla ya Burj Khalifa kufunguliwa mwaka 2010, aliyekuwa anajivunia sifa hiyo ni Taipei 101 ya Taiwan, na aliishika miaka michache tu. Orodha inayofuata urefu itabidi iandikwe upya kila kamba ya kupimia inapovutwa mbele zaidi.

Lakini usimbeze. Kama anataka kuitetea Burj Khalifa, aache mita na aeleze zege. Zege lile lilisukumwa kwa pampu hadi zaidi ya mita 600 juu, na siku za joto kali lilimwagwa usiku likiwa limechanganywa na barafu, lisije likashika kabla ya wakati wake. Niliposoma habari hiyo niliweka gazeti chini. Nimechanganya zege juani, najua linavyokugeuka mikononi. Akieleza hivyo, na mimi nitampigia makofi.

Sasa tuje kwenye ile orodha ambayo rafiki zako wengi wameinakili. Ilitangazwa mjini Lisbon, kwenye uwanja wa mpira, tarehe 7 Julai 2007, yaani saba, saba, saba. Aliyeianzisha ni Bernard Weber, na watu walipiga kura kwa intaneti na kwa simu. Waandaaji walisema kura zilipita milioni 100. Walioshinda ni Ukuta Mkuu wa China, Petra ya Jordan, sanamu ya Kristo ya Rio de Janeiro, Machu Picchu ya Peru, Chichén Itzá ya Mexico, Colosseum ya Roma na Taj Mahal ya India. Kila kimoja nakiheshimu. Shida yangu ni njia iliyotumika. Mtu mmoja aliweza kupiga kura zaidi ya moja, na nchi nzima zilifanya kampeni kama za uchaguzi. Mwamba ngoma huvutia kwake. UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, ilijitenga na zoezi lile ikasema wazi kwamba matokeo yatakuwa maoni ya wale tu wenye intaneti. Misri nayo ilikasirika kuona piramidi inashindanishwa, mwisho ikapewa nafasi ya heshima nje ya kura.

Katika vile 21 vilivyofika fainali, Afrika ilikuwa na Giza na Timbuktu, ule mji wa kale wa Mali. Basi. Mimi niliipigia Timbuktu, na matokeo yalipotoka niliumia kama mtu aliyedhulumiwa shamba. Leo najua maumivu yale yalitoka wapi. Nilikuwa nimekubali kwamba kura ndiyo mizani. Wenye simu na mtandao mwingi wakati ule hawakuwa sisi, kwa hiyo mizani ilikuwa imeinama kabla mzigo haujawekwa.

Na kuna ambavyo havikufika hata kwenye hiyo fainali. Great Zimbabwe, kwa mfano, yale magofu ya mji wa kale nchini Zimbabwe. Jina lenyewe ni la Kishona na linatajwa kuwa na maana ya nyumba za mawe. Ukisikiliza *mabwe* yao unasikia *mawe* yetu. Ukuta wa nje wa ule ua mkubwa unazunguka kama mita 250, na mahali pengine unafika mita 11 kwenda juu, bila saruji, bila chokaa, bila udongo wa kushikisha. Mimi ni fundi, nakuambia: ukuta ulionyooka bila saruji ni kazi. Ukuta unaopinda bila saruji, ukasimama mamia ya miaka, ni kitu kingine. Kila jiwe lazima likalie kiungo cha mawili yaliyo chini yake, na ukuta wote uwe unaegemea ndani kidogo kidogo unavyopanda. Watawala wa kikoloni walishindwa kukubali kwamba Waafrika ndio walioujenga, wakawatafutia wajenzi kutoka mbali. Mtafiti mmoja alisema ukweli mwaka 1905, mwenzake Gertrude Caton-Thompson akausema tena mwaka 1929, na bado watu walikataa kusikia. Huwezi kuuweka katika orodha ya kisasa, najua. Nimeutaja ili ukiona orodha yoyote, uulize ni nani hakuwepo wakati inaandikwa.

Hilo la kisasa ndilo lililokuchanganya, na si kosa lako. Ile ya 2007 iliitwa mipya, lakini Colosseum ilifunguliwa mwaka 80. Kilicho kipya kweli mle ndani ni sanamu ya Rio tu, iliyokamilika mwaka 1931. Ukitaka orodha ya vitu vya zama zetu, iko ya chama cha wahandisi wa ujenzi wa Marekani cha mwaka 1994. Humo wameweka Mfereji wa Panama, daraja la Golden Gate la San Francisco, jengo la Empire State la New York, mnara wa CN wa Toronto, handaki linalopita chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, bwawa la Itaipu la Brazil na Paraguay, na kuta na mageti ambayo Uholanzi imeyajenga kuzuia bahari. Hayo ya Uholanzi yasomee vizuri. Mafuriko ya Februari 1953 yaliua watu zaidi ya 1,800 nchini mwao, ndipo wakaamua bahari isiingie tena. Itaipu inanipa shida kidogo, kwa sababu maji yake yalipojaa mwaka 1982 yalizamisha maporomoko ya Guaíra, yaliyokuwa ajabu kwa haki yake.

Kipimo changu nakupa kama ninavyompa kijana anayejifunza kazi. Kitu ukishaelezwa kilivyojengwa, mshangao wako unapungua au unaongezeka? Mazingaombwe ukiijua siri yake yamekwisha. Ajabu ukiijua siri yake, ndiyo kwanza inaanza. Halafu uliza nani alishika mwiko, na alirudi nyumbani?

Kwa kipimo hicho, Golden Gate kwangu inapita zote katika orodha ya wahandisi. Watu husifia rangi yake na ile nafasi ya mita 1,280 kati ya nguzo zake mbili. Mimi nasifia wavu. Zama zile wajenzi walikuwa na hesabu yao: kila dola milioni moja ya kazi itakula mtu mmoja, na daraja lilikuwa la dola milioni 35 hivi. Mhandisi mkuu, Joseph Strauss, aliagiza wavu utandazwe chini ya daraja lote lilipokuwa linajengwa. Watu 19 walianguka wakanaswa wakiwa hai. Februari 1937, kazi ikiwa karibu kwisha, jukwaa liling'oka likapasua wavu, wakafa watu 10 kwa mara moja, na kwa jumla daraja liliua 11. Hawa 11 tusiwasahau. Ila wale 19 nawafikiria zaidi.

Hujawahi kuniuliza kwa nini sipandi jukwaa kabla sijalitikisa kwa mikono yangu miwili. Nilipokuwa kijana wa umri wa kaka yako, mwenzangu alianguka mbele ya macho yangu. Chini yetu hapakuwa na kitu, na hakuna aliyeona kwamba pangepaswa kuwa na kitu. Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba mwaka 1936 mtu aliwahi kutandaza wavu. Nililia, mwanangu. Daraja lile halina budi kuwamo kwenye karatasi yako, na naona umeliweka la pili. Lisogeze au liache, ila usilifute.

Sasa ule mstari mtupu. Mimi ningeandika Abu Simbel.

Najua utasema hekalu la Ramses wa Pili lina miaka 3,200, mwalimu atalikataa. Sisemi hekalu. Nasema kazi ya mwaka 1964 hadi 1968. Misri ilikuwa inajenga bwawa kubwa la Aswan, na maji ya Nile yalikuwa yanakuja kulizamisha hekalu lililochongwa ndani ya mlima wenyewe. Hakukuwa na matofali ya kubomoa na kupanga tena. Lilikuwa jiwe moja na mlima wake. UNESCO ikaomba msaada duniani kote. Nchi kama 50 zikachanga. Wakakata mlima. Waliukata kwa misumeno, na penye sura za mfalme walihakikisha mkato hauzidi milimita chache, ili ukiunganishwa kovu lisionekane. Vipande vilizidi 1,000, vingine vikiwa na uzito wa tani 30. Wakavipandisha mita 65 juu na kuvirudisha nyuma kama mita 200, wakavipanga upya, wakajenga kuba la zege kubeba mlima wa bandia juu yake.

Kuna jambo moja ambalo kila nikilisoma mwili unanisisimka. Wajenzi wa kale walilielekeza hekalu lile ili mara mbili kwa mwaka jua la asubuhi liingie mpaka chumba cha ndani kabisa na kuziangaza sanamu zilizokaa gizani. Waliohamisha walilipima hilo pia. Jua bado linaingia. Limepishana siku moja tu.

Na fikiria zama zenyewe. Wakubwa wa dunia walikuwa wanatishana kwa mabomu. Bwawa lilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, Marekani ikatoa fedha za kuokoa hekalu. Waliochanga wengi hawakuwa na babu aliyezikwa Misri. Baada ya hapo, mwaka 1972, ndipo ukaja mkataba wa kulinda urithi wa dunia, ambao leo unalinda mahali zaidi ya 1,000.

Ukilitetea, usifiche upande wa pili. Makumi ya maelfu ya Wanubi wa Misri na Sudan walihamishwa kutoka vijiji vyao, na vijiji havikukatwa kwa misumeno vikapandishwa juu. Vilizama na makaburi yake. Mwalimu akikuuliza kama ajabu inaweza kuwa na huzuni ndani yake, mjibu kwa kumwonyesha hilo. Sijui kama utashinda mjadala. Ningependa useme hayo hata ukishindwa.

Andika kwa penseli kwanza. Ukikuta kingine ambacho ukikijua zaidi unakishangaa zaidi, kifute changu, sitanuna.

Mama yako anakusalimu, na wadogo zako wanauliza utarudi lini. Halafu lile jina la nne ulilolikata, nimeishika karatasi mwangani nikajaribu kulisoma chini ya wino, nimeshindwa. Niandikie lilikuwa nini, na lilikukosea nini.

Baba yako