Rehema, msiyatume bado maoni ya Seneti

Malindi,
Jumapili jioni

Dada Rehema,

Hujambo? Watoto hawajambo? Sisi tu wazima, Mungu anatutunza. Mama Faraja anatembea vizuri sasa, na bado anadai leso yake.

Nimeyapata yale maoni mnayotaka kuyapeleka Seneti kuhusu muswada wa mashirika ya dini. Tafadhali usitie sahihi bado. Mmeanza kwa kusema Kifungu cha 32 cha Katiba yetu ya Kenya kimetupa uhuru wa dini, kwa hiyo Bunge haliwezi kutunga sheria yoyote inayogusa kanisa. Katiba haisemi hivyo. Haki zisizoweza kuwekewa mpaka hata kidogo zimo katika Kifungu cha 25, nazo ni chache: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kupata kesi ya haki, na mtu aliyezuiliwa kuletwa mbele ya mahakama. Uhuru wa kuabudu haumo.

Najua Mchungaji hatapendezwa. Lakini mimi naishi huku, Rehema. Kuanzia Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msitu wa Shakahola, watoto wakiwemo, watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ndipo wamwone Yesu. Siwezi kusimama mbele ya kamati niseme serikali isiguse chochote kinachoitwa ibada. Siwezi, na wewe nakujua, huwezi.

Nguvu yetu iko Kifungu cha 24. Anayetaka kupunguza haki apitie kwenye sheria, na sheria yenyewe iwe ya busara, inayoweza kutetewa katika jamii huru ya kidemokrasia. Tena mzigo wa kuthibitisha ni wa serikali, si wetu. Na kuna swali moja ambalo lazima lijibiwe: hakukuwa na njia nyingine isiyobana haki kiasi hiki? Hapo ndipo muwashike. Kumsaidia mtu ajiue ni jinai tangu zamani. Kumnyima mtoto chakula na matibabu ni jinai. Sheria hizo zilikuwepo watu wakifa msituni. Sasa waeleze hicho cheti cha thiolojia ambacho muswada unawadai viongozi wa dini kingemwokoa nani.

Hicho cheti ndicho kinachoninyima usingizi. Kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya taifa. Serikali ikianza kuamua mafunzo yapi ya dini yanatosha, nani atabaki nje? Si makanisa makubwa yenye vyuo vyao. Ni wale wazee wetu wa Akorino, kanisa la Kiafrika la wavaa vilemba, ni maimamu wa vijijini waliosomea kwa walimu wao tangu utotoni. Salim ameniuliza mbona maoni yenu yanataja makanisa tu, nikakosa la kumjibu. Yeye hapo hapo akaingia Mahakama za Kadhi za Waislamu na Kifungu cha 170 kinachozianzisha, unamjua, tukakesha.

Turudi kwa mwanzo wenu, maana ndio nauogopa. Mahakama zetu zimewahi kuilinda imani: 2017 Mahakama ya Rufani iliwapa haki wanafunzi Waadventista wasilazimishwe masomo Jumamosi, na 2019 Mahakama Kuu ilisema mwanafunzi Mrasta asifukuzwe shule kwa sababu ya nywele zake. Lakini kumbuka ile kesi ya wasichana Waislamu kuvaa hijabu shuleni. Mahakama ya Rufani iliiruhusu 2016, na 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi ule kwa sababu ya jinsi dai lilivyoletwa mahakamani. Yaani wasichana wale walirudi nyuma kabla hoja yenyewe ya imani haijaamuliwa. Sitaki yetu ipotee kwa sababu ya aya ya kwanza iliyoandikwa kwa hasira.

Kifungu cha 118 kinalilazimisha Bunge kutushirikisha, basi tuwape kitu ambacho hawawezi kukipita.

Sasa niambie. Siku ya mwisho ya kupokea maoni ni lini? Mchungaji atakubali tuifute aya ya kwanza, au nimpigie mwenyewe? Usajili wenyewe mnaupinga, au ni masharti yake tu? Maana mimi kufungua vitabu vya sadaka kwa waumini sioni ubaya. Kuna wakili yeyote kanisani kwenu atakayeisoma? Na Salim akileta ukurasa wa misikiti, mtaupokea?

Wako,
Kadzo