Tunaikimbia sare, tunaangukia panga

Kwa Kamishna wa Kaunti ya Busia

Mheshimiwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mchuuzi wa maharagwe. Nayanunua ng'ambo, upande wa Uganda, nayauza upande huu kwa gorogoro, na kazi hii niliianza kifungua mimba wangu akiwa mgongoni. Sasa ana ndevu. Nakuandikia wewe kwa kuwa ndiwe mwenyekiti wa kamati ya usalama ya kaunti, na jambo langu si la polisi peke yao wala la forodha peke yao. Liko pale katikati, ambapo kila ofisi ukiiendea inakuelekeza kwa jirani.

Kibanda changu kiko kando ya barabara, kwa hiyo mgeni akishuka basi la usiku hunifikia mimi kabla hajaifikia serikali. Huniuliza njia, nami humpa na maonyo juu. Namwambia: pesa usibadilishe kwa kijana anayekukimbilia na bunda mkononi. Shilingi moja ya kwetu ni zaidi ya ishirini za kwao, noti zinakuwa nyingi, na ukihesabu umesimama utapewa bunda ambalo katikati lina noti ndogo. Ingia dukani, keti, hesabu mara mbili. Namwambia asimpe mtu kitambulisho "amgongee muhuri haraka", maana tangu 2014 Mkenya anaingia Uganda kwa kitambulisho chake cha taifa na hahitaji mpambe. Mzigo wa mtu asiyemjua asiubebe hata kwa hatua kumi. Bodaboda achukue ya stejini, si ile inayomfuata. (Neno lenyewe bodaboda linasemwa lilizaliwa hapa hapa, enzi za baiskeli, wakivusha watu kutoka boda hadi boda. Siku hizi limeenea kote na sisi hatulipwi hata senti.)

Halafu, kwa pumzi ile ile, namwambia hivi: askari akikusimamisha, soma jina lake kifuani. Kama jina halionekani, uliza kwa adabu. Usitoe pochi nzima, toa kitambulisho tu. Ukipelekwa kituoni, uliza umekosa nini, na usiondoke bila namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha kituo. Ukiambiwa ulipe dhamana ya pesa, dai risiti. Na ukiweza, usiwe na shida yoyote siku ya Ijumaa.

Juzi kijana mmoja aliyekuwa akielekea Kampala alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka. "Mama, sasa hapo mwizi ni nani?" Nilikosa jibu, nikampimia karanga.

Mheshimiwa, mwaka jana niliporwa. Ilikuwa alfajiri, tuko wanawake watatu, kila mmoja na gunia lake kichwani, tunakatiza njia ya panya kupitia shamba la mihogo. Vijana wawili wakatokea, mmoja na panga. Hawakupiga kelele. Walituambia tuketi chini kama wanafunzi, wakachukua simu na pesa zilizokuwa zimefungwa kwenye leso, na yule mwenye panga akamwambia mwenzangu aliyekuwa mjamzito, "pole, shangazi." Ile pole inaniudhi kuliko panga. Walijua hatutaenda popote. Na hatukwenda. Kuripoti wizi ni kueleza ulikuwa wapi, na ukisema ulikuwa njia ya panya, wewe ndiwe unayeandikwa kwanza kuwa mtu wa magendo, na gunia linabaki kituoni.

Utauliza, kwani kilichotupeleka porini ni nini? Geti lipo, kituo cha pamoja kimezinduliwa rasmi na marais wawili mwaka 2018, mtu anapigiwa mihuri ya nchi zote mbili chini ya paa moja. Na gunia langu halina ushuru wa forodha wa kukwepa: bidhaa zilizo kwenye orodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zilizozalishwa humu humu, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, hupita kwa cheti rahisi cha asili, karatasi ya kuonyesha bidhaa imetoka wapi. Wafikiria mimi nina maharagwe ya dola 2,000? Ningekuwa nayo ningekuwa nimejenga.

Nilipita getini miaka mingi. Niliacha siku moja, wala si kwa sababu ya kodi. Nilikuwa nimekwisha kupita, karatasi yangu mkononi, nimetembea mita mia mbili hivi ndani ya Kenya, mtu wa sare akanisimamisha. Koti la mvua amelifunga mpaka shingoni na jua linawaka. Nikampa karatasi. Hakuifungua. Akasema, "Hii ni ya huko ndani, ya hapa barabarani iko wapi?" Nikampa 100. Mbele kidogo, mwingine. Siku hiyo faida ya gunia zima iliishia barabarani, na mimi ndiye niliyekuwa na karatasi! Mwenzangu asiyekuwa na karatasi, aliyepita shambani, alifika sokoni kabla yangu na pesa zake zote. Hesabu ya namna hiyo haihitaji kwenda shule.

Simtaji mtu, kwa sababu jina sikuliona, na hapo ndipo penye shida. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inamtaka askari mwenye sare avae jina au namba yake mahali panapoonekana. Koti la mvua mwezi wa Januari si mvua, Mheshimiwa, ni pazia.

Basi hivi ndivyo mambo yanavyoshikana. Mwizi wa shamba la mihogo hana akili ya ajabu. Anajua tu kwamba barabara kubwa imetuchosha na kwamba tukiumia hatutasema. Wale wa barabarani wanamletea wateja. Ukiongeza askari barabarani bila kugusa hilo, utakuwa umemwongezea wateja.

Mwaka 2020, mpaka ulipofungwa kwa sababu ya korona na malori yakapanga foleni ya kilomita nyingi yakingoja madereva wapimwe, njia hizi ziligeuka barabara kuu. Watu ambao hawakuwahi kuzijua walizijua. Mpaka ulifunguliwa, njia zikabaki na watu wake wabaya. Machi 2021 mahindi ya Uganda na Tanzania yalipopigwa marufuku kwa sababu ya sumukuvu, marufuku yakaondolewa siku chache baadaye kwa masharti, lakini kwa siku hizo chache kila mwenye gunia lolote, hata la mtama, alisimamishwa kama mwenye mahindi. Amri ya Nairobi ikifika hapa huwa imenenepa njiani.

Usisahau pia kwamba mpaka huu ulichorwa juu ya watu. Wasamia wako pande zote mbili, Wateso hali kadhalika. Dada yangu ameolewa ng'ambo. Nikienda kumjulia hali nimetoka nchi. Na sheria zinabadilika hapo katikati bila mtu kukuambia. Upande wetu, Katiba, kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Ng'ambo kwao ni saa 48. Kwetu saa hizo zikiishia siku isiyo ya mahakama, unangoja siku ya mahakama inayofuata, na ndiyo maana Ijumaa inaogopwa. Katika soko letu wanaojua haya ni wachache sana. Vibao vilivyoko viko kwa Kiingereza, virefu, vimebandikwa juu kuliko macho ya mama mwenye gunia kichwani.

Ninachoomba si kikubwa. Kwanza, toa agizo, liandikwe na lisomwe barazani na machifu wote: mtu akija kituoni kusema ameporwa, aandikiwe OB kama aliyeporwa, hata kama ameporwa njia ya panya. Habari ya njia iulizwe baadaye, ikibidi. Pili, kuwe na mahali pamoja pa kukaguliwa, getini. Aliyekaguliwa na kupewa karatasi asisimamishwe tena mpaka sokoni, na anayemsimamisha aandike jina lake nyuma ya karatasi ile ile. Kalamu tutanunua sisi. Tatu, vibao viandikwe Kiswahili, Kisamia na Kiteso, kwa maneno machache: dhamana ya pesa ina risiti, kuandikisha OB ni bure, jina la askari lionekane. Wale wenye baiskeli za magurudumu matatu, walemavu wanaovusha mizigo kila siku, waulizwe vibao viwekwe wapi, kwa kuwa wao huuona mpaka huu kwa kimo tofauti na chako.

Sikuombi taa wala kamera. Taa zikija tutashukuru, ila nimewahi kuona taa zikiwaka juu ya mtu anayetoa 100.

Na ombi la mwisho ni lako binafsi. Njoo siku moja bila msafara. Acha gari nyumbani, vaa shati la kawaida, ufike kibandani kwangu saa kumi na moja alfajiri. Nitakuazima gunia la kilo 50 na ngata ya kuwekea kichwani. Tutavuka pamoja kwa miguu, tununue, turudi kupitia getini na karatasi zetu, kisha tutembee zile mita mia mbili, wewe mbele, mimi nyuma yako nikihesabu. Uje na sarafu za kutosha, maana chenji hawarudishi.

Ni mimi,
Mama Maharagwe, Busia