Barua kwa mwanangu Lusajo: inuka mezani

Tukuyu

Lusajo mwanangu,

Sisi wazima, ila mvua haijatuacha. Dada yako ameniambia karata zimekukatalia tangu Pasaka, na kwamba siku hizi unakesha nazo mpaka alfajiri. Hakutaka kusema, nilimbana mimi, kwa hiyo usimgombeze.

Sikuulizi kwa nini unacheza poka. Hilo tulilizungumza Krismasi na kila mmoja akabaki na lake. Nauliza kimoja tu: ukishapoteza, unainuka saa ngapi?

Hesabu unazijua, nami najivunia hilo hata kama sipendi mahali unapozitumia. Ukiwa na A mbili na mwenzako ana K mbili, mkaweka hela zote kabla karata za mezani hazijafunuliwa, utashinda kama mara 82 katika 100. Zile 18 zilizobaki nazo ni zako. Zinaweza kukupata mara mbili usiku mmoja, na hapo hujakosea kitu wala hujarogwa. Hata anayecheza vizuri anaweza kumaliza wiki kadhaa anapoteza tu, na wenye meza bado wanakata chao.

Hofu yangu ni unachofanya baada ya hapo. Nasikia unahamia meza ya dau kubwa ili urudishe haraka. Lusajo, hela hiyo haipo pale ikikusubiri. Imeshakuwa ya mtu mwingine. Mwaka 1913 kwenye kasino ya Monte Carlo, kigololi cha ruleti, lile gurudumu la namba nyekundu na nyeusi, kiliangukia nyeusi mara 26 mfululizo, na watu wakazidi kumwaga hela kwenye nyekundu wakiamini zamu yake imefika. Kigololi hakina kumbukumbu. Karata nazo zikishachanganywa hazijui kwamba jana zilikuonea. Unayejua ni wewe, ndiyo maana saa tisa usiku unawekea hela mkono, yaani karata ulizogawiwa, ambao saa mbili ungeutupa bila kufikiri. Hiyo ndiyo tilti mnayoisema. Wanasaikolojia Kahneman na Tversky waliandika mwaka 1979 kwamba uchungu wa kupoteza huzidi furaha ya kupata kiasi kilekile, na kwamba aliye kwenye hasara hukubali hatari ambayo akiwa salama angeikataa. Kwa hiyo usijione dhaifu kuliko wengine. Ila inuka.

Kiwango cha kupoteza kiandike kabla hujakaa, wakati kichwa kimetulia. Kikifika, inuka, hata kama mkono uliopita umekuuma vipi. Mkulima wa viazi akipigwa na ugonjwa wa bakajani harudi shambani usiku uleule kupanda tena.

Uwe na daftari. Usiandike umepata au umepoteza kiasi gani. Andika ulikuwa na karata gani, mwenzako aliweka dau gani, na kwa nini ulifuata dau lake. Lisome kesho yake ukiwa umelala na kula. Ukikuta uliamua vizuri ukashindwa, liache lipite. Ukikuta uliamua kwa hasira, hapo ndipo pa kurekebisha, maana mfululizo wa hasara unaweza kuficha uchezaji mbovu na wewe ukausingizia bahati. Wachezaji makini huwa na akiba inayotosha kuingia meza yao mara 20 au 30, na haichanganyiki na hela ya kodi. Yako inachanganyika. Dada yako kasema, na mwenye nyumba amekuvumilia vya kutosha.

Mama yako anasema huku kutoinuka umekurithi kwangu, kwa bao nililokuwa naling'ang'ania mpaka giza. Sikumjibu.

Ukiona huwezi kuinuka, mwambie mtu. Niambie mimi. Panda basi uje, chumba chako kipo, na hakuna atakayekuhoji.

Hela ya bati tuliipata, ndaga, mwanangu. Jiko halivuji tena. Ila kama ilitoka mezani, usitume nyingine. Ada ya mdogo wako nitaihangaikia mwenyewe: wanunuzi wa parachichi wameanza kupita, ingawa bei yao ni ya kukatisha tamaa, na chai tunachuma wiki hii kukikauka kidogo.

Mama yako amefunga kiroba cha maharage na mkungu wa ndizi. Nitavipakia kwenye basi la Alhamisi, vipokelee Mbezi. Nimeandika namba yako juu ya kiroba, kwa hiyo simu usiizime. Maharage yaanike upesi, yamevunwa na unyevu.

Baba yako