Yaliyotokea Elaine hayakuwa ghasia

Ndugu Mhariri,

Katika makala yenu ya hivi karibuni kuhusu mauaji ya Marekani yaliyosahaulika, nilifurahi kuona mji mdogo wa Elaine, jimbo la Arkansas, nao umetajwa. Ulipewa mstari mmoja, na mstari wenyewe ulisema "ghasia za Elaine za 1919". Naomba nafasi nieleze kwa nini neno hilo limeniuma.

Ukisema ghasia, msomaji anaona uwanja wa mpira au stendi ya mabasi: pande mbili zimevaana, mawe yanaruka, kisha serikali inakuja kutuliza. Elaine, waliokuja kutuliza ndio hao hao waliokuwa wakiua.

Kaunti ya Phillips iko kandokando ya Mto Mississippi, nchi ya pamba. Kama robo tatu ya wakazi wake walikuwa watu weusi, na wengi wao walilima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba mzungu. Mbegu, unga, viatu vya watoto, vyote walikopa kwenye duka la mwenye shamba. Pamba ikishavunwa, yeye ndiye aliyeiuza na yeye ndiye aliyeshika daftari. Siku ya hesabu mkulima aliambiwa bado anadaiwa, na akiomba kuonyeshwa daftari alihesabiwa mkorofi.

Mimi ni mtoto wa mkulima wa pamba. Baba alikuwa na daftari la shule, akiandika kwa penseli kilo za kila gunia kabla ya kulipeleka kwenye mizani. Msimu mmoja alirudi nyumbani jioni, akakaa chini ya mwembe na hesabu mbili zisizolingana, ya kwake na ya mnunuzi, akizitazama mpaka giza likaingia. Kesho yake alikwenda kuuliza, na akarudi salama. Kwa hiyo nilipojifunza habari za Elaine, sikuhitaji kuelezwa watu wale walitaka nini.

Mwaka 1918 Robert Lee Hill, kijana mweusi wa Arkansas, alianzisha chama cha wakulima. Mwaka uliofuata bei ya pamba ilikuwa nzuri, na wanachama wakachanga fedha ili wamweke wakili mzungu wa Little Rock, Ulysses Bratton, awadaie hesabu iliyoandikwa: kiasi walichokopa, kiasi kilichouzwa na bei yake. Hayo ndiyo yaliyoitwa uasi.

Usiku wa Septemba 30, 1919, walikutana katika kanisa dogo la Hoop Spur, jirani na Elaine. Walikuwepo wanaume, wanawake na watoto, na nje walinzi wenye bunduki, kwa kuwa walijua wanatazamwa. Gari likasimama barabarani mbele ya kanisa, ndani yake wakiwemo msaidizi wa sherifu na mlinzi wa reli, wote wazungu. Risasi zikapigwa. Nani alianza, kila upande ulisema lake. Mlinzi wa reli alikufa, msaidizi wa sherifu akajeruhiwa. Muda mfupi baadaye kanisa liliteketezwa, na matundu ya risasi ambayo yangeonyesha zilitoka upande gani yakaenda na kuta zake.

Asubuhi mamia ya wazungu wenye silaha walimiminika Elaine, wengine wakivuka mto kutoka jimbo la Mississippi. Watu waliwindwa mashambani na kwenye matete. Gavana Charles Brough akaja mwenyewe na askari zaidi ya 500 wa jeshi la Marekani wenye bunduki za rashasha. Wazungu waliokufa walikuwa 5. Weusi hawakuhesabiwa. Makadirio yanaanzia 100 na kupita 200. Miongoni mwao ni ndugu wanne wa ukoo wa Johnston, ambao hawakuwa hata wakulima: mmoja daktari wa meno mjini Helena, mmoja tabibu, mwingine askari aliyerudi kutoka vitani Ufaransa. Walikuwa wametoka kuwinda. Walikamatwa njiani wakirudi na kuuawa kwa risasi wote wanne. Mamia ya wengine walifungiwa, na njia ya kutoka ilikuwa kudhaminiwa na mwenye shamba wako, yaani yule yule uliyekuwa unamdai hesabu.

Hapa ndipo kazi yako inapoingia, Mhariri. Kamati ya wazungu saba, watu wakubwa wa kaunti hiyo, ilifanya uchunguzi na kutangaza kwamba weusi walikuwa wamepanga kuwaua wenye mashamba. Magazeti yalichapisha hivyo, mengine siku ile ile, bila kumuuliza mkulima hata mmoja. Maneno ghasia na uasi yalienea kwa njia hiyo. Tukiyachukua leo na kuyatia kwenye Kiswahili bila kuyakagua, tunachapisha upya taarifa ya kamati ile, miaka zaidi ya 100 baadaye, kwa watu ambao hawana njia nyingine ya kujua.

Watu weusi 122 walishtakiwa. Hakuna mzungu hata mmoja aliyeshtakiwa kwa kumuua mtu mweusi. Wanaume 12 walihukumiwa kifo na wazee wa baraza wazungu watupu, wengine baada ya mashauriano ya dakika chache kuliko za kuchemsha chai. Mashahidi walikuwa wamechapwa viboko na kukalishwa kwenye kiti cha umeme mpaka wakubali kusema walichofundishwa. Hili si la kukisia: mwaka 1921 wazungu wawili walioshiriki walikiri kwa kiapo.

Yupo mwandishi mmoja aliyekwenda kuuliza. Ida B. Wells alikuwa hajakanyaga kusini mwa Marekani kwa karibu miaka 30, tangu ofisi ya gazeti lake ilipovunjwa na kundi la watu mjini Memphis mwaka 1892. Aliingia gerezani Little Rock pamoja na wake na mama wa wafungwa, kana kwamba ni ndugu yao. Wale 12 wakamwimbia nyimbo za mbinguni na kumweleza walivyo tayari kufa. Akawaambia waache kuombea kifo, waombe kuishi na kuachiwa huru. Kisha akaandika walichomsimulia, pamoja na mazao na mali walizopokonywa.

Wakili Scipio Africanus Jones, aliyezaliwa utumwani, alipigania maisha yao kwa miaka. Kesi ya Moore dhidi ya Dempsey ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na Februari 19, 1923 ikaamuliwa kwamba hukumu iliyotolewa kwa shinikizo la kundi lenye hasira haikuwa hukumu ya haki, na mahakama za shirikisho zina wajibu wa kuitazama. Sita kati yao waliachiwa mwaka huo. Sita waliobaki, Januari 1925. Mpaka leo mawakili wa Marekani wanaitaja kesi hiyo, ingawa wengi hawajui ilianza na mizani ya pamba.

Aprili 2019 wakazi wa Elaine walipanda mti wa kumbukumbu. Agosti mwaka huo huo ukakutwa umekatwa usiku, na kibao chake kimeibwa.

Naomba basi mstari ule urekebishwe katika toleo lijalo na usomeke: "mauaji ya Elaine, Arkansas, kuanzia usiku wa Septemba 30, 1919". Nafasi ikipatikana, ongezeni kwamba yote yalianza na wakulima waliotaka kuona daftari.

Msomaji wako,
Bariadi, Simiyu