Shukrani kwa Mzee Aliyenionyesha Kapchorwa

Mzee wangu, tuliachana mvua ikianza kunyesha, nami sikupata hata nafasi ya kukuuliza jina. Nilipanda kutoka Mbale nikidhani kwamba Kapchorwa, mji mdogo ulioegemea mteremko wa Mlima Elgon, ni mahali pa kulala tu kabla ya kurudi Sipi kutazama maporomoko yake matatu, ambayo lililo refu zaidi lina kimo cha karibu mita 100. Wewe uliacha shughuli zako ukatembea nami asubuhi nzima.

Ulinieleza kwa subira jinsi Wasabiny, wenyeji wa eneo hili, walivyowekwa kwa miaka mingi chini ya wilaya ya Bugisu, wakadai wilaya yao wenyewe, na hatimaye wakaipata Sebei mwaka 1962, mwaka uleule Uganda ilipopata uhuru. Sauti yako ilitetemeka ulipofika hapo, na sasa naelewa kwa nini. Wengi tunaopita barabara ile hatuijui habari hii hata kidogo.

Ukanionyesha mashamba ya kahawa, kisha njia za udongo ambazo vijana huzikimbia alfajiri, ukanikumbusha kwamba Stephen Kiprotich, aliyeshinda dhahabu ya marathoni London mwaka 2012, na Joshua Cheptegei, bingwa wa mita 10,000 mjini Paris mwaka 2024, ni watoto wa milima hii.

Ulikataa hata nauli ya bodaboda. Ujumbe huu ukikufikia, mzee, pokea asante yangu ya dhati.