Anza na kitendawili

Dada yangu mpendwa,

Salaam nyingi kutoka Tanga. Sisi wazima, watoto hawajambo. Umeniuliza utawafundishaje watoto wa awali mawasiliano ya pande mbili. Ile michoro ya chuoni ya mtoa ujumbe na mpokeaji, mishale katikati, iache. Mtoto wa miaka mitano haimfai.

Zamu ya kuitikia anaijua tangu mchanga. Miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tronick, aliwaomba akina mama wawatazame watoto wao kwa uso mkavu, bila neno, kwa dakika chache tu. Watoto walitabasamu, wakanyoosha mikono kumrudisha mama, na walipoona haitikii wakahangaika.

Basi wewe anza na kitendawili. Sema "Kitendawili!" unyamaze. Wasipoitika "Tega!" usitege, hata wakikukodolea macho. Wakiitika: "Nyumba yangu haina mlango." Mmoja atasema kaburi, mwingine chungu. Hapo umeshajua wamefika wapi, ongeza kidokezo: kuku anaijua. Wakishindwa kabisa dai mji, wakupe Pangani au Lushoto, ndipo uwafumbulie kuwa ni yai. Kisha waulize kwa nini mwalimu alimtaja kuku. Watakwambia wenyewe: kwa sababu tulikosea. Huo ndio mrejesho, yaani jibu linalomrudia msemaji, na wameutoa wao.

Siku nyingine wakalishe wawili wawili, wapeane migongo. Mmoja aeleze picha, mwenzake achore bila kuuliza chochote. "Kuna nyumba, kuna mnazi." Utauona mnazi umeota juu ya bati! Rudieni, safari hii mchoraji aulize: mnazi uko upande gani? Umeipita nyumba kwa urefu? Weka michoro yote miwili mezani waitazame.

Ila dada, linaloniuma zaidi ni letu walimu. Tunauliza "Mmeelewa?", darasa zima linaitika "Ndiyooo!", hata aliyekuwa akichungulia dirishani, nasi tunafuta ubao. Tafadhali usilipokee jibu hilo. Sema "Nionyesheni," upite dawati kwa dawati. Na mtoto akithubutu kusema hajaelewa, mshukuru mbele ya wenzake, halafu eleza upya kwa njia nyingine, si kwa sauti kubwa zaidi. Akikaripiwa mara moja tu, hatasema tena, na wenzake wote wamemwona.

Vitendawili vingine nitakuandikia wiki ijayo, vile vya wanyama wanavyovipenda. Wasalimie nyumbani.

Mimi mwenzako,
wa darasa la awali