Mjusi Asiye na Miguu Si Nyoka

Mhariri,

Makala yenu kuhusu nyoka wa Uingereza yamemchanganya humo Anguis fragilis, mjusi asiye na miguu. Kosa hilo ni la kale: katika Macbeth, wachawi wa Shakespeare wanautia chunguni mwiba wake, ilhali kiumbe huyu hana mwiba wala sumu.

Mtazameni macho. Akipepesa kope ni mjusi, kwani nyoka hana kope. Tena msimshike mkia: hukatika papo hapo, ukabaki ukifurukuta mkononi, na unaoota baadaye huwa kibutu tu. Mkulima wa mboga amwache, maana chakula chake ni konokono wasio na gamba wanaotafuna majani machanga. Sheria ya nchini humo ya mwaka 1981 inakataza kumuua makusudi.

Naomba mchapishe marekebisho, pamoja na picha kubwa ya jicho lake.

Msomaji wenu